Kipima sukari cha kubandika: je, kinakufaa wewe?

Katika miezi ya karibuni wagonjwa wetu wa kliniki ya kisukari wameanza kuja na swali jipya. Zamani walituuliza kama asali inaruhusiwa, au kama ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Siku hizi wanauliza juu ya kile kidude kinachobandikwa kwenye mkono na kupima sukari bila kuchoma kidole kila mara. Mmoja amekiona kwa jirani ambaye mwanawe anaishi Uingereza. Mwingine ameona picha yake kwenye simu. Wapo pia ambao wameletewa tayari, kimo ndani ya boksi, nao hawajui waanzie wapi, na boksi limekaa kabatini mpaka linakaribia kupitwa na tarehe. Kwa sababu hiyo nimeona mwezi huu tukizungumzie kwa kirefu. Ni kifaa kizuri, lakini ni cha gharama, na familia yaweza kujiumiza kwa kukinunua bila kufikiri.

Niseme mapema jambo moja ili tusipotezane njiani. Kifaa hiki hakitibu kisukari. Hakishushi sukari wala hakiipandishi. Kazi yake ni kuonyesha tu. Mgonjwa aliyekuwa akihitaji insulini ataendelea kuihitaji, na aliyekuwa akimeza vidonge ataendelea kuvimeza. Kwa hiyo fedha ya nyumbani ikiwa haitoshi vyote, insulini ni ya kwanza, glukomita na stripu zake ni za pili, na kifaa hiki ni cha tatu. Atakayekugeuzia mpangilio huo huenda ana kitu cha kukuuzia.

Tulikotoka

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, sukari tulikuwa tukiipima katika mkojo. Tulitia dawa ya Benedict, ya rangi ya buluu, ndani ya kichupa chembamba cha kioo, tukadondosha matone 8 ya mkojo, tukachemsha juu ya moto wa spiriti na kusubiri rangi. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikienda kwenye manjano, chungwa, hata nyekundu ya matofali, hapo ni nyingi. Wadi nzima ilinuka, lakini ndicho tulichokuwa nacho. Ubaya wake ni kwamba sukari huanza kutokea kwenye mkojo pale tu inapopita kama 10 katika damu. Mgonjwa mwenye 7 na mgonjwa mwenye 2, aliye karibu kuzimia, wote wawili walitupa rangi ileile ya buluu.

Glukomita ilipotufikia tulifurahi mno. Tone moja la damu, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Hata leo hicho ndicho chombo cha msingi, wala mtu asikidharau. Lakini namba ya glukomita ni ya dakika ile tu. Ni kama kuchungulia ndani ya nyumba mara moja kisha kuondoka. Hujui waliomo walikuwa wakifanya nini kabla hujafika, wala watafanya nini ukishatoka.

Kipo pia kile kipimo cha HbA1c tunachochukua hospitalini, kinachotupa wastani wa sukari kwa kama miezi mitatu. Nacho ni kizuri, ila wastani huficha mengi. Mtoto anayeshuka hadi 3 nusu ya siku na kupanda hadi 17 nusu nyingine, wastani wake ni 10. Mtoto anayekaa kwenye 10 usiku na mchana, wastani wake ni 10 vilevile. Je, watoto hao wawili wana hali moja? La hasha! Wa kwanza yumo hatarini zaidi. Aidha, kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli, kipimo hicho chaweza kutudanganya.

Pengo hilo ndilo ambalo kipima sukari cha kubandika kilikusudiwa kuliziba. Cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Mgonjwa alikivaa siku tatu bila kuona namba yoyote, kisha akakirudisha kwa daktari ili kisomwe. Mwaka 2014 kampuni ya Abbott ilitoa Ulaya kile kiitwacho FreeStyle Libre, ambacho mgonjwa alikisoma mwenyewe bila kulazimika kukirekebisha kila siku kwa damu ya kidole. Jina lingine utakalolisikia mara nyingi ni Dexcom.

Kinavyofanya kazi

Sehemu inayobandikwa inaitwa kihisi. Ni kiduara bapa. Kuna kinachokaribia ukubwa wa kizibo cha soda, na kuna kidogo zaidi ya hapo. Chini yake kina uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi kiasi cha nusu sentimita. Huingizwa na sindano iliyomo katika kifaa cha kubandikia, kisha sindano hutoka na uzi hubaki. Maumivu yake ni madogo. Watoto wengi husema kuchoma kidole kunauma zaidi.

Uzi huo hauingii katika mshipa. Hupima sukari iliyo katika majimaji yanayozunguka chembe za mwili chini ya ngozi. Hapa ndipo panapowachanganya watu, hivyo tusipite haraka. Anayelima kwa mfereji anajua kwamba ukifungua maji kule juu kwenye chanzo, shamba la chini halilowi papo hapo. Ndivyo ilivyo kwa sukari. Hufika kwanza katika damu, kisha baada ya dakika kama 5 hadi 15 hufika katika majimaji hayo. Sukari ikiwa imetulia, kidole na kihisi hukaribiana. Ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, vitatofautiana, na hiyo haina maana kwamba kifaa kimeharibika.

Mgonjwa husoma namba kwenye simu au kwenye kisomeo maalumu cha mkononi. Pamoja na namba huona mshale, na kwa maoni yangu mshale una thamani kuliko namba. Mgonjwa mwenye 6 na mshale uliolala yuko salama. Mwenye 6 na mshale unaoelekea chini, naye amechoma insulini na hajala, huenda baada ya nusu saa akawa anatetemeka. Glukomita ingewapa wote wawili 6, na wote wangefurahi.

Mvulana wa darasa la tano

Tunamhudumia mvulana mmoja mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Alikuwa akichoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, na vipimo vyake vya asubuhi vilipendeza: 6, 7, 6. Daftari lake lilikuwa safi kuliko madaftari yote ya kliniki. Lakini mama yake alilalamika kwamba mtoto analala vibaya, anaongea usingizini, shuka zinalowa jasho, na siku nyingine anaamka kichwa kinamuuma na hataki kwenda shule. Nyumbani bibi yake alishaanza kusema kuna mkono wa mtu.

Shangazi yake aliyeko ng'ambo alituma vihisi viwili, tukambandika kimoja. Usiku wa tatu mchoro ulionyesha sukari ikishuka hadi 2.9 kwenye saa nane ya usiku, ikakaa huko zaidi ya saa nzima, kisha ikapanda yenyewe taratibu mpaka 6 alfajiri. Usiku uliofuata ilitulia. Baada ya siku mbili ikashuka tena. Tulimuuliza siku hizo zilikuwa na nini, naye akajibu bila kufikiri: "Hizo tunacheza mpira, sista."

Jambo lenyewe ni hili. Misuli iliyofanya kazi mchana huendelea kuvuta sukari kutoka katika damu kwa saa nyingi baadaye, hata mtoto akiwa amelala. Na ile insulini ya mchanganyiko ya jioni ina sehemu inayofanya kazi polepole, ambayo nguvu zake huwa nyingi katikati ya usiku. Vitu viwili vilikutana. Daktari alipunguza dozi ya jioni kwa siku za mpira na kuagiza mtoto ale kitu kabla ya kulala. Mpira hakukatazwa. Mama anasema shuka sasa ni kavu, na habari ya mkono wa mtu haijazungumzwa tena.

Nawaomba wasomaji wasiokuwa na shangazi ng'ambo wasivunjike moyo kwa mfano huu. Mama yule angeweza kuligundua jambo hilohilo kwa glukomita, kama angeamka saa nane ya usiku kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mpira, na kumpima mtoto kidole. Stripu tatu tu. Kihisi kilitusaidia kwa kuwa hatukujua pa kutazama. Ukishajua, mara nyingi kidole kinatosha.

Nani anakihitaji zaidi?

Wanaofaidika zaidi ni wanaotumia insulini, hasa wanaochoma mara kadhaa kwa siku. Miongoni mwao wa mbele kabisa ni watoto wadogo wasioweza kueleza wanavyojisikia, akina mama wajawazito wenye kisukari cha aina ya kwanza, na wale waliougua miaka mingi kiasi kwamba hawasikii tena dalili za sukari kushuka. Mtu wa kundi hilo la mwisho haoni jasho wala mtetemo. Yuko vizuri, kisha ghafla ameanguka. Huyo akipata kifaa chenye kengele, yaweza kuokoa maisha yake.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anayemeza metformini peke yake na kufuata mlo hana haja ya kukivaa mwaka mzima. Alikuja baba mmoja wa namna hiyo aliyekuwa akiuza mbuzi mmoja baada ya mwingine ili anunue vihisi. Alitazama simu yake zaidi ya mara hamsini kwa siku. Sukari yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo! Kilichopanda ni shinikizo la damu, kwa maana dawa zake za presha alikuwa ameacha kuzinunua. Tulimshauri akitoe, abaki na mbuzi wake na vidonge vyake.

Mtu kama huyo akitaka, kihisi kimoja chaweza kumfundisha mambo makubwa kwa wiki mbili. Ataona kwa macho yake bakuli la uji linavyoipandisha sukari, ataona tofauti ya kuanza na maharage na mboga kabla ya ugali, na ataona mchoro ukishuka baada ya kutembea kwa miguu kwenda shambani. Mafundisho tunayoyarudia kila kliniki, na watu wakatikisa kichwa tu kwa adabu, mchoro huyafikisha kwa siku moja.

Mambo ya kuuliza kabla ya kununua

Kwanza uliza bei, kisha fanya hesabu ya mwaka. Kihisi hakidumu. Kuna vya siku 10, kuna vya 14 na vya 15. Siku zikiisha kinajizima, hakichajiwi wala hakitumiki tena. Cha siku 14 kinahitaji vihisi 26 kwa mwaka. Cha siku 10, vihisi 36 au 37. Zidisha bei ya kimoja kwa namba hiyo, uketi na mwenzako mkitazama jumla, mkiwa mmeshatenga karo na chakula. Ikiwa haiwezekani, usihuzunike, kwani ipo njia ya katikati. Vaa kimoja kwa wiki mbili kabla ya kuonana na daktari, mara moja katika miezi mitatu au minne, kisha rudi kwenye glukomita. Mchoro wa siku 14 humtosha daktari kuona mwenendo wako. Vaa kipindi ambacho una swali: dozi imebadilishwa, mtoto ameanza bweni, mimba imeingia, au hesabu za daftari hazieleweki. Mwenye bima aulize kwanza kama bima yake inakilipia.

Uliza kama kina kengele ya kuonya sukari inaposhuka. Ile Libre ya kwanza haikuwa nayo, ilikubidi usogeze kisomeo ndipo uione namba. Kwa mtoto, au kwa mtu asiyesikia dalili, usinunue kisicho na kengele.

Hapo niwaonye walio na ndugu Marekani. Mwaka 2024 huko vilianza kuuzwa vihisi viwili bila cheti cha daktari, Stelo na Lingo. Vimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wasiotumia insulini. Ndugu mwenye nia njema huingia dukani, huona ni rahisi kupatikana, hukununulia. Lakini Stelo haina kengele ya sukari kushuka, na vyote viwili si vya mtoto anayechoma insulini. Mwambie jina kamili la kifaa daktari alichokitaja, kabla hajanunua.

Jambo la pili la walio ng'ambo ni vipimo vyenyewe. Hapa kwetu tunahesabu kwa milimoli: sukari ya 5, ya 8, ya 12. Marekani wanahesabu kwa miligramu, ambayo ni namba yetu mara 18. Kwa hiyo 90 yao ni 5 yetu, na 180 yao ni 10 yetu. Tumemwona mama aliyekimbia na mtoto hospitalini kwa sababu kisomeo kimeandika 126, kumbe ni 7. Hilo ni la kucheka. La kutisha ni kinyume chake: kisomeo kimeandika 54, familia inadhani sukari imepanda kupita kiasi, inamwongezea mtoto insulini, kumbe 54 hiyo ni 3 na mtoto anahitaji sukari upesi. Visomeo vingi vimefungwa kwenye kipimo kimoja tangu kiwandani na havibadilishiki. Andika kwenye karatasi namba tatu za kukumbuka, uibandike nyuma ya kisomeo: 70 ni karibu 4, 180 ni 10, 270 ni 15. Aidha, programu ya simu iliyosajiliwa nchi moja yaweza kukikataa kihisi kilichonunuliwa nchi nyingine. Omba utumiwe kimoja cha kujaribia, si boksi kumi.

Wala tusiwaombe ndugu watumegee vihisi vyao wenyewe. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2022 mwongozo wa Uingereza unataka kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apewe kifaa hiki, lakini anachopewa ni cha kumtosha yeye.

Mwambie daktari na dawa unazotumia. Vitamini C ya vidonge kwa wingi, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, huifanya Libre ya aina kadhaa isome juu kuliko ukweli. Haidroksiyurea wanayopewa wagonjwa wa sikoseli huifanya Dexcom isome juu kuliko ukweli. Kusoma juu si jambo dogo, maana mgonjwa ataongeza insulini isiyotakiwa.

Na ile saa ya mkononi au pete inayosemekana kupima sukari bila kutoboa ngozi? Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Fedha yako iache mfukoni.

Kuishi nacho

Libre hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, mahali penye nyama. Siku hiyo usipake mafuta ya nazi wala losheni hapo, gundi haishiki. Osha kwa maji na sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Badili mkono kila mara, ukiona upele au mwasho mkali njoo kliniki. Saa za mwanzo kihisi huwa bado hakijatulia, hivyo siku ya kwanza amini kidole zaidi. Kuoga kunaruhusiwa. Jasho la shambani na kamba za ndoo ndivyo maadui wake. Akina mama wengine hufunga kitambaa laini juu yake, nayo ni njia nzuri. Boksi lisikae kwenye dirisha lenye jua wala ndani ya gari, kwa maana joto huviharibu vihisi kabla havijatumika.

Ukilala juu yake, majimaji yale hubanwa na kihisi husoma chini kwa uongo. Kengele italia usiku wa manane, utaruka kitandani, utamkuta mtoto amelalia mkono wake. Mgeuze, mpime kidole. Ndiyo maana nasema glukomita isiuzwe wala isigawiwe. Kila mara namba ya kihisi isipofanana na hali ya mgonjwa, kidole ndicho kinachoamua.

Sukari ikishuka chini ya 4, dawa ni ileile ya siku zote. Vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Hapa kumbukeni ule mfereji. Damu imeshapata sukari lakini kihisi bado kinaandika 3, mama anaogopa, anamimina soda nyingine, na nyingine tena, na baada ya saa moja mtoto yuko kwenye 18. Wakati wa kusubiri tumia kidole. Mgonjwa aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mlaze ubavu na mumkimbize hospitalini.

Homa au malaria huipandisha sukari. Mgonjwa wa insulini akitapika asiache insulini kwa kuwa hajala, aje tumwone. Kihisi hakipimi ketoni, ile sumu inayojengeka mwilini insulini inapokosekana. Mtoto anayetapika, anayehema kwa nguvu na pumzi yake kunuka kama tunda lililoiva mno, ni wa kukimbizwa hata kama simu inaonyesha namba usiyoiona kuwa mbaya sana.

Shule ni kikwazo kikubwa, kwani shule zetu nyingi haziruhusu simu. Dai kisomeo badala ya simu, na mje tuwaandikie barua ya kumpelekea mwalimu mkuu na matroni. Barua hiyo iseme kengele ikilia mtoto aruhusiwe kutoka darasani na kula kitu papo hapo. Kwa zile Libre za kusogezea kisomeo, kihisi huhifadhi saa 8 tu za nyuma. Mtoto asiposoma kabla ya kulala na mara aamkapo, sehemu ya usiku hupotea. Na kisomeo kiwe karibu naye kitandani, kwa sababu mawasiliano yake hayavuki mita nyingi, ukuta wa matofali ukiwa katikati ndiyo kabisa.

Watu watatazama. Tumesikia wakisema ni alama ya mnyama, au ni kitu cha kumfuatilia mtu alipo. Jibu kwa upole kwamba ni kipimo cha sukari, kama vile kipimajoto ni cha homa. Kengele ikilia katikati ya misa, mwacheni mgonjwa anywe soda yake palepale kwenye benchi.

Kuhusu namba, msitafute ukamilifu. Kwa wagonjwa wengi lengo ni sukari kuwa kati ya 3.9 na 10 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, yaani karibu saa 17 kati ya 24, na kuwa chini ya 3.9 kwa muda usiofika saa moja. Kwa wazee, na walio rahisi kudhurika, tunaridhika na zaidi ya saa 12, mradi huko chini wasifike hata robo saa. Mjamzito ana mipaka yake, migumu zaidi. Ataelezwa na daktari. Kula kidogo kukipandisha mchoro, usimkaripie mtoto. Mtoto anayekaripiwa kwa ajili ya namba hujifunza kukificha kisomeo.

Siku ya kliniki njoo na simu au kisomeo, na daftari pia. Mchoro unaonyesha sukari ilishuka saa ngapi, lakini haujui kama ulilima, ulifunga, ulikuwa na mgeni au ulikuwa msibani. Hayo yaandike kwa kalamu, hata neno moja moja.

Kihisi kikiisha, kibandue taratibu. Maji ya uvuguvugu yanalainisha gundi. Ndani yake mna betri ndogo, kwa hiyo kisichomwe pamoja na takataka. Na kile kifaa cha kubandikia kina sindano ndani. Usikitupe kwenye shimo la taka watoto wanapochezea. Kitie ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, pamoja na sindano za insulini, utuletee siku ya kliniki; kisanduku cha vitu vyenye ncha kali kipo pale mezani kwa muuguzi.